Diski mbili ndani ya boksi moja si nakala rudufu

Mteja akiniuliza kama aunde mwenyewe NAS, yaani boksi la diski linalohifadhi mafaili ya nyumba nzima kupitia mtandao, au anunue iliyo tayari, mimi humuuliza kwanza nakala rudufu itakaa wapi. Karibu kila mara jibu ni lile lile: "Nitaweka diski mbili kwa RAID, zitalindana." Nimechoka kulisikia. Hapo ndipo bajeti nzima inapopotelea, na hapo ndipo picha za miaka kumi zinapopotelea pia.

RAID ni mpangilio unaozifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ile ya diski mbili zinazolindana, RAID 1, huandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kote papo hapo. Programu ikivuruga faili, unabaki na mavurugo mawili yanayofanana. Pawa saplai ikiungua vibaya, diski zote zinapata pigo moja. Mwizi naye hachukui diski moja akakuachia ya pili. Aprili 2021 programu hasidi iitwayo Qlocker iliingia kwenye NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, ikayafungia mafaili ya watu kwa programu ya 7-Zip na nywila, kisha ikadai malipo. RAID haikuwa na la kufanya: kwake faili iliyofungwa ni faili kama nyingine, nayo huandikwa kote.

Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoieleza RAID mwaka 1988, hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zinaweza kushika nafasi ya diski moja kubwa ya gharama, mradi kazi isisimame moja ikifa. Kazi kutosimama ni jambo kubwa kwa ofisi yenye watu wengi. Nyumbani, kukaa siku mbili bila filamu zako hadi diski mpya ifike hakumdhuru mtu. Kupoteza picha za mtoto akiwa mchanga, huko ndiko kunakouma.

Hata diski inapokufa kweli, usalama huo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Diski ulizonunua siku moja zimezunguka saa zile zile, kwenye joto lile lile. Moja ikifa, iliyobaki lazima isomwe mwanzo hadi mwisho ili mpya ijazwe. Terabaiti 8 kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni zaidi ya saa 11 mfululizo, na kasi hiyo haidumu hadi mwisho wa diski. Diski iliyochoka unaikamua siku ile ile unayoitegemea peke yake.

Kwa hiyo, kama una pesa za diski mbili tu, weka moja ndani ya NAS na ya pili kwenye kasha la USB. Nakili kila wiki, chomoa, kaiweke nje ya nyumba: kazini, kwa dada yako, popote. Kila mwezi fungua faili kadhaa kutoka humo uone kama zinasomeka. RAID isubiri diski ya tatu. Nasema hivi kwa anayeunda na kwa anayenunua, na sibadilishi.

Sasa lile la kwamba kuunda ni nafuu siku zote. Kwa diski mbili, mara nyingi si kweli. Ukishajumlisha ubao mama, ramu, pawa saplai na kasha, umeshakaribia bei ya boksi dogo lililo tayari, na bado saa za kusakinisha hujazihesabu. Watu husema, "Nina kompyuta ya zamani, hiyo ni bure." Ipime umeme kwanza. Mashine inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 525 kwa mwaka; boksi la wati 20 humaliza 175. Tofauti hiyo unailipa kila mwaka. Kuunda kunaanza kulipa unapohitaji nafasi nne za diski au zaidi, kwa sababu hapo bei za maboksi hupanda haraka, au unapotaka mashine ifanye na kazi nyingine. Prosesa ndogo kama Intel N100, iliyokadiriwa wati 6, inatosha, na programu za kuendesha NAS kama OpenMediaVault au TrueNAS huzilipii. Unraid ndiyo ya kulipia.

Kwamba boksi likifa data inafia humo? Si lazima. Diski za maboksi ya kampuni ya Synology, kwa mfano, zinaweza kusomwa kwenye kompyuta yenye Linux, maana ndani yake ni mdadm na LVM, zana za kawaida za Linux za kupanga diski.

Utaambiwa pia kwamba ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaotumiwa na TrueNAS, unataka gigabaiti moja ya ramu kwa kila terabaiti ya diski, na kwamba ramu ya ECC, inayorekebisha makosa yake yenyewe, ni sharti: yote mawili yapuuze. Gigabaiti 8 zinatosha nyumba ya kawaida, mradi usiwashe kipengele cha kuondoa data zinazojirudia, maana hicho ndicho kinachokula ramu. ECC ni nzuri ukiipata kwa bei ya kawaida, basi.

SSD ya kuongeza kasi pia iache. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na diski moja ya kisasa inazifikisha yenyewe ikisoma faili kubwa.

Ila usiamini kwamba diski zote ni sawa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilitumia SMR, mfumo wa kuandika data kwa mistari inayopandana, unaozorota vibaya diski zinapojazwa upya ndani ya RAID au ZFS. Kabla ya kulipa, tafuta namba kamili ya modeli kwenye karatasi ya mtengenezaji, uone imeandikwa CMR, yaani mfumo wa kawaida ambao mistari haipandani. Muuzaji akishindwa kukuambia modeli, usinunue.