Fuvu la Olduvai si Babu wa Taifa

Dhana: Zinjanthropus, yule wa fuvu la kale la Olduvai, ni babu yetu, Mtanzania wa kwanza.

Ukweli: Fuvu hilo, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, mtafiti Mary Leakey aliliona katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa mgonjwa kambini. Ukilitazama kwa makini utaona magego mapana kupita kiasi, na utosini ukingo wa mfupa uliokamata misuli mikubwa ya taya. Hayo ni maumbile ya tawi la pembeni, ambalo wataalamu wengi leo huliita Paranthropus boisei, na tawi hilo lilitoweka bila kuacha kizazi. Aliye karibu zaidi na ukoo wetu ni Homo habilis, aliyepatikana bonde hilohilo na kupewa jina mwaka 1964, ingawa naye nafasi yake ingali inabishaniwa. Zinj basi ni wetu kwa kuwa alifukuliwa katika ardhi yetu, damu haimo.

Dhana: Binadamu alianzia kwetu, kwa hiyo taifa letu ni kongwe kuliko mengine.

Ukweli: Wahabeshi nao wana mifupa ya kale ya Lucy, iliyopatikana mwaka 1974, Wakenya wana ya Kijana wa Turkana, iliyopatikana mwaka 1984, na mabaki ya Homo sapiens, yaani binadamu wa jinsi yetu, ya zamani zaidi yanayojulikana, ya miaka kama 300,000, yametoka Moroko. Mashindano haya ni ya makumbusho na watalii.

Dhana: Mataifa na makabila ni matawi ya mageuko, na yenye nguvu ndiyo yaliyostahili kubaki.

Ukweli: Kauli ya kusalia kwa anayefaa zaidi ilitungwa na mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer mwaka 1864, naye hakusita kuipeleka kwenye jamii za watu; wakoloni waliipenda, kwa sababu zinazoeleweka. Hata hivyo, mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya kila jamii, wala si baina ya jamii na jamii. Utanzania ulijengwa na watu, tena ndani ya umri wa mtu mmoja, kwa chama cha TANU cha 1954, kwa Kiswahili cha shule za msingi na kwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 uliwagawa Wamaasai, na leo walio Longido ni Watanzania, walio Kajiado ni Wakenya, bila jeni hata moja kubadilika kwa ajili hiyo.