Ukuta hauleti mchanga jamani

Kila nikipokea wanafunzi ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, swali ni lile lile, na mara nyingi anaanza mwalimu wao: bahari inakula ufukwe, si wajenge tu ukuta? Nimechoka kwa kweli.

Ukuta unalinda kilicho nyuma yake, barabara au hoteli, sawa. Ufukwe haulindwi. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake linachimba mchanga pale chini, mwisho unabaki na ukuta mzuri na maji yakijaa hamna hata pa kuvulia ndala. Halafu mchanga haukuzama katikati ya bahari kama mnavyoandika kwenye mitihani, umetembea. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mawimbi yanapanda ufukwe kimshazari, maji yanashuka moja kwa moja kufuata mteremko, kwa hiyo kila wimbi punje inasogea kidogo kaskazini, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma baadhi inarudi. Mchanga mpya unaletwa na mito, Tegeta, Mbezi, na huko ndiko malori yamechota mchanga wa kujengea miaka na miaka. Mto hauna cha kuleta, kusi haijaacha kusomba, unategemea nini? Na ukisema utoe kuta za mawe kuingia baharini, kwako upande wa kusini mchanga unajaa, jirani wa kaskazini ndo analiwa, naye anajenga wake, balaa linahamia kwa anayefuata.

Huamini? Chomeka kijiti mchangani, tupa chungwa pale mawimbi yanapovunjikia, subiri dakika 10 uone limefika wapi. Chungwa, sio mpira, mpira unasukumwa na upepo, na kila mara kuna mtu analeta mpira.

Mengine haraka haraka. Mchanga wote ni mawe ya bara yaliyosagika? Ule mweupe wa Diani ni vipande vya matumbawe na makombe, na mwingine ni kinyesi cha pono anayetafuna matumbawe, hiyo watoto hawasahau. Wa Malindi ni wa kahawia kwa sababu ya mto Sabaki. Hori za Mombasa, yaani mikono ya bahari inayoingia bara kama Tudor na Port Reitz, hazikuchimbwa na mawimbi, ni mabonde ya mito yaliyochimbwa enzi za barafu bahari ikiwa chini zaidi ya mita 100 kuliko leo, ikapanda ikayafunika.

Na bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, haliletwi na upepo, ni mwezi na jua vikivuta kwenye mstari mmoja, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mwalimu, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kukodi basi, kuna shule ilikuja maji yamejaa mpaka ukutani, somo la ufukwe tukafundishia kwenye maegesho.