Je, wajua kwa nini muziki husikika na "shhh" ukivaa spika za masikioni?

Cheza wimbo uliorekodiwa miaka ya 1960 au 1970 kwenye spika ya sebuleni, nao utasikika safi. Uhamishie kwenye spika za masikioni, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa utasikia "shhhh" nyembamba isiyokatika. Wengi hudhani faili limeharibika au wameuziwa spika mbovu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika: mvumo huo ulikuwamo tangu wimbo uliporekodiwa, ila ulikuwa umefunikwa.

Chumba tunachokiita kimya huwa na kelele za desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 hadi 40 hivi, kutokana na feni, friji na magari ya mbali. Hizo ndizo zilizokuwa zikiufunika. Spika inayoingia ndani ya tundu la sikio huzizuia, na mvumo ukabaki peke yake. Isitoshe, sehemu yake huangukia pale ambapo sikio la binadamu ni kali zaidi, kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000 hivi.

Kwa muziki wa zamani, chanzo kikuu ni kanda yenyewe. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe zenye sumaku, kwa kawaida oksidi ya chuma, na kurekodi ni kuzielekeza chembe hizo kufuata sauti. Hazitii zote. Hata kwenye kanda tupu zimeelekea huku na huko bila mpango, na kinasa kinapozisoma, vurugu hiyo hutoka kama "shhh". Dawa ya studio ilikuwa kupitisha chembe nyingi zaidi kwa wakati mmoja: kanda pana, zikikimbia sentimita 38 au hata 76 kwa sekunde. Kaseti ya nyumbani, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ina upana wa milimita 3.81 tu na hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Hapo usitarajie utulivu.

Studio nazo zilijitafutia matatizo. Walipoanza kurekodi kila ala kwenye njia yake, njia 8, kisha 16, kisha 24, kila njia ilikuja na mvumo wake. Njia zikiongezeka maradufu, mvumo hupanda desibeli 3.

Aliyeleta nafuu ni Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965. Wazo lake ni la werevu kweli: wakati wa kurekodi, sauti hafifu zinapandishwa ili ziuzidi mvumo wa kanda, wakati wa kucheza zinashushwa kwa kiasi kilekile, na mvumo unashuka nazo. Toleo la nyumbani, Dolby B, lilipunguza mvumo wa masafa ya juu, yaani wa sauti nyembamba, kwa takriban desibeli 10. Lakini linahitaji pande zote mbili. Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby ikihamishiwa kwenye kompyuta kwa deki isiyo nayo, au iliyozimwa, sauti nyembamba hutoka kali kupita kiasi na mvumo ukabaki palepale. Angalia hilo kwanza kabla ya kuanza kusafisha chochote.

Usidhani rekodi za kidijitali zimesalimika. Elektroni ndani ya waya wowote hutikisika kwa sababu ya joto na kuzaa kelele. Wanasayansi John Johnson na Harry Nyquist walilieleza jambo hilo mwaka 1928. Maikrofoni ina mvumo wake, amplifaya yake vilevile.

Na huenda mvumo hauko kwenye muziki kabisa. Wimbo ukiendelea kucheza, shusha sauti hadi mwisho. "Shhh" ikibaki vilevile, inatoka kwenye amplifaya ya simu, ya kompyuta au ya spika zenyewe kama hazina waya. Kusimamisha wimbo si kipimo kizuri, maana vifaa vingine huzima amplifaya muziki ukisimama. Spika za kuzuia kelele za nje nazo huvuma kidogo, kwa sababu maikrofoni zake ziko kazini muda wote. Kama zako ni za waya na ni nyepesi mno kupokea sauti, kiunganishi cha kupunguza nguvu ya umeme husaidia: mvumo wa amplifaya unashuka, nawe unafidia muziki kwa kupandisha sauti.

Mvumo ukiwa ndani ya rekodi, zipo programu za kuupunguza. Unaionyesha programu sekunde chache zenye mvumo mtupu, kwa kawaida mwanzoni mwa wimbo. Inajifunza sura yake, kisha inaupunguza kote. Hapa ndipo watu huharibu. Wanataka ukimya kamili, na wanachopata ni muziki wenye milio ya majimaji, matoazi yaliyokufa na mwimbaji asiyepumua. Kwa maoni yangu, desibeli 6 hadi 10 zinatosha, maana muziki wenyewe utaufunika mvumo uliobaki. Kushusha tu sauti nyembamba ni njia mbaya zaidi, kwa kuwa haibagui mvumo na matoazi.

Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, ina chaguo la kusikiliza kile tu kinachoondolewa. Lisikilize kabla ya kuhifadhi. Ukisikia "shhh" tupu, endelea. Ukisikia maneno ya wimbo au mlio wa toazi humo, umekata mno, rudi nyuma.