Saa kumi ya nani? Migogoro ya muda katika mauzo ya mtandaoni

Keki ilikuwa ya ghorofa mbili, rangi ya samawati, na jina la mtoto limeandikwa juu. Mama yake, mkazi wa Tabata, aliiagiza kwa mwokaji mmoja wa Kinyerezi anayeuza kupitia simu. Aliandika hivi: "Naihitaji Ijumaa saa 10, iletwe shuleni." Mwokaji akajibu: "Sawa dada, usijali." Ijumaa saa nne asubuhi mama akaanza kupiga simu, darasa zima limekaa linasubiri. Mwokaji alikuwa bado anapaka krimu. Yeye alisoma saa kumi ya jioni, na boda wake alipofika getini saa tisa na dakika arobaini, alijihesabu amewahi. Watoto walishatawanyika tangu saa nane.

Walipokuja kwenye dawati letu la usuluhishi kila mmoja ameshika simu yake, na kila mmoja anataka nimwambie mwenzake kuwa ni mwongo. Hapakuwa na mwongo. Mama anafanya kazi ofisini, ambako kalenda ya kompyuta humwambia 10:00 kutwa nzima. Mwokaji anahesabu saa kama alivyomfundisha bibi yake, kuanzia jua linapochomoza. Sisi wakazi wa Dar tunaishi na saa mbili mfukoni, ya Kiswahili mdomoni na ya simu kwenye kioo, na tunahama kutoka moja kwenda nyingine bila kuaga.

Nimeanza na keki kwa sababu malalamiko mengi ya "muuzaji amechelewesha" yanayotufikia, ukiyafumua, unakuta uchelewaji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba pande mbili hazikukubaliana saa inaanza kuhesabiwa wapi, na kwa saa ya nani. Tarakimu peke yake haitoshi. Andika "saa nne asubuhi" au andika "10:00 asubuhi". Neno "asubuhi" ndilo linalobeba mzigo. Siku nazo zina mtego wake. Kwa wazee wa Pwani siku huanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao kijana wa Sinza anauita Alhamisi usiku. Mtu akiagiza sambusa mia mbili za maulidi kwa maneno hayo, aulizwe tarehe. "Usiku wa kuamkia tarehe 14" haina utata.

Ukinunua nje ya nchi, kumbuka saa za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele ya saa za dunia, mwaka mzima, kwa kuwa sisi hatusogezi saa. Guangzhou wako mbele yetu saa tano. London wako nyuma yetu saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi. Mnada au ofa ya mtandaoni inayofungwa 23:59 hufungwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tovuti hiyo, na mara nyingi siyo ya kwako.

Sasa tuje kwenye mgogoro unaotuchosha kuliko yote: mzigo wa kuagiza China. Tangazo linasema "Siku 45 mzigo upo Kariakoo." Mteja analipa tarehe 2, anahesabu vidole, siku ya arobaini na sita yuko dukani amepandisha sauti. Muuzaji anashangaa kweli, maana kwake siku 45 zinaanza meli ikiondoka. Kabla ya hapo kiwanda kimekaa na oda wiki moja, halafu mzigo umelala ghala la wakala ukisubiri kontena lijae. Hayo yote mteja hakuambiwa. Au aliambiwa kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne ambayo hakuimaliza.

Msimamo wangu hapa ni mkali kidogo na wauzaji hawaupendi: anayetaja idadi ya siku ndiye mwenye wajibu wa kutaja siku ya kwanza. "Siku 45 tangu ulipolipa" na "siku 45 tangu meli ing'oe nanga" ni ahadi mbili tofauti, na muuzaji anajua hilo kuliko mteja. Akiandika "siku za kazi" pia aseme kama Jumamosi imo. Kama hakuna makubaliano yoyote, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni atekeleze oda ndani ya siku 30 tangu alipoipokea. Siku hizo 30 zinatumika pale ambapo pande mbili hazikupatana vinginevyo, kwa hiyo muuzaji wa mizigo ya meli asiyeandika muda wake anajifunga mwenyewe.

Kuna oda ambazo kuchelewa kwake ni kuharibika. Sare za send-off zikifika siku ya pili yake ni vitambaa tu. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 55, inasema pale ambapo pande mbili zilikusudia muda uwe ndio roho ya mkataba, aliyecheleweshewa anaweza kuuvunja. Lakini kifungu hichohicho kina sehemu ambayo wateja wengi hawaijui, na inawaumiza. Ukiupokea mzigo uliochelewa kimyakimya, huwezi baadaye kudai fidia ya ule ucheleweshaji, isipokuwa kama ulimwambia muuzaji wakati unapokea kwamba unakusudia kudai. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimepokea leo tarehe 9 badala ya tarehe 6, na nitadai hasara niliyopata." Utume kabla boda hajaondoka. Na mwanzoni, unapoagiza, mwambie muuzaji kazi ya mzigo: shughuli ni tarehe 7, baada ya hapo siuhitaji.

Kwa upande wa malipo mambo yamegeuka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haichukulii muda wa kulipa kuwa roho ya mkataba, labda mkataba wenyewe uoneshe hivyo. Muuzaji anayeuza simu kwa mtu mwingine kwa kuwa mteja wa kwanza alichelewa kulipa saa mbili anaweza kujikuta yeye ndiye mvunja mkataba. Dawa ni sentensi moja kwenye tangazo: oda isiyolipiwa hadi saa kumi na mbili jioni ya leo inafutika.

Halafu kuna "nimeshatuma". Muuzaji amepeleka kifurushi stendi ya Mbezi Luis, amepewa stakabadhi ya basi, anaona kazi yake imekwisha. Mteja yuko Mbeya anasema bado sijapokea. Kwa kawaida ya sheria hiyo ya mauzo, pale muuzaji anaporuhusiwa kusafirisha, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kama kumkabidhi mnunuzi, mradi muuzaji amepatana na msafirishaji huyo kwa uangalifu unaostahili. Mkitaka iwe vinginevyo, muandike: muda unahesabika mpaka mkononi mwa mteja.

Ushahidi. Usifute mazungumzo, na usilete skrinishoti iliyokatwa juu na chini, tunataka tarehe. Mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kuhamishwa yote kama faili, na ndiyo bora zaidi. Ujumbe wa muamala wa simu una saa yake, nao hauna ushabiki. Utetezi wa "sikuuona ujumbe" haufiki mbali, kwa kuwa kisheria ujumbe wa kielektroniki huhesabiwa umepokelewa unapoingia kwenye mfumo wa mpokeaji, siyo alipoamua kuufungua.

Mkishindwa kuelewana wenyewe, malalamiko ya mlaji dhidi ya mfanyabiashara yanapelekwa Tume ya Ushindani. Ya kampuni ya kusafirisha vifurushi yanaanza kwa kampuni yenyewe, kisha Mamlaka ya Mawasiliano. Madai ya fedha yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi huendeshwa kwa Kiswahili. Muuzaji aliyezima simu na kufuta ukurasa ni habari nyingine. Hapo nenda polisi, usikae kuhesabu siku.

Mwokaji wa Kinyerezi alirudisha nusu ya pesa, na keki ikaliwa nyumbani Jumamosi. Siku hizi anamtaka kila mteja achague neno moja kati ya mawili, asubuhi au jioni. Wiki iliyopita ameniambia kuna mteja amemlalamikia kwamba mchana haumo.