Kumeng'enya si kufyonza

Mmeng'enyo wa chakula ni kukivunjavunja chakula hadi kiwe chembe ndogo zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo. Wanga huishia kuwa glukosi, protini huwa amino asidi, mafuta huwa asidi za mafuta. Meno husaga, vimeng'enya (protini za mwili zinazoharakisha uvunjaji huo) hukata. Maana ni hiyo tu.

Kinachokera ni kauli hii ya kila siku: "Tumbo likishameng'enya chakula, mwili umepata virutubisho." Makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Kwanza, tumbo, yaani mfuko unaopokea chakula kutoka kooni, linapewa sifa zisizo zake. Wanga huanza kuvunjwa mdomoni, kwa mate. Tumboni asidi na pepsini (kimeng'enya cha huko) huanza kuishughulikia protini, lakini sehemu kubwa ya kazi iko kwenye utumbo mwembamba. Huko ndiko kongosho humwaga vimeng'enya vyake, na nyongo hutawanya mafuta yawe matone madogo (nyongo yenyewe si kimeng'enya, jamani). Mwaka 1897, huko Zürich, daktari mpasuaji Carl Schlatter alimwondolea mgonjwa tumbo lote, naye akaendelea kula na kuishi kwa zaidi ya mwaka. Asiye na utumbo mwembamba hawezi hivyo. Huyo hulishwa kwa dripu.

La pili ndilo baya zaidi. Chakula kilichomeng'enywa bado hakijaingia mwilini. Kimo ndani ya mrija unaoanzia mdomoni na kuishia kwenye njia ya haja kubwa, hadi kifyonzwe na vijidole vidogo mno vilivyotanda kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Asiyevumilia maziwa ana upungufu wa laktesi, kimeng'enya cha sukari ya maziwa, hivyo sukari hiyo haikatwi: huo ni mmeng'enyo ulioshindwa. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambamo gluteni (protini ya ngano na shayiri) huichochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo, vijidole vyake vimeharibiwa, na hata kilichokatwa vizuri kinaweza kumpita: huo ni ufyonzaji ulioshindwa. Wote wawili wanaweza kuharisha na kujaa gesi, lakini mmoja atapunguza maziwa, mwingine ataachana kabisa na ngano, shayiri na chochote chenye gluteni. Ukiwaita wote "wenye shida ya mmeng'enyo" hujasema kitu.

Na anayedai kwamba kinyesi ni chakula kilichomeng'enywa, aambiwe taratibu kuwa ni kinyume chake. Kilichomeng'enywa, karibu chote, kimeshapita kwenye damu na limfu (majimaji ya mwili yanayobeba mafuta kutoka utumboni). Kilichobaki ni nyuzinyuzi zilizoshindikana, maji, bakteria na seli zilizokufa.