Kabla Mwanafunzi Hajafutwa kwa Utoro

Kila mwaka takwimu za elimu Tanzania huonyesha utoro ukiongoza kwa mbali kati ya sababu za wanafunzi wa sekondari za serikali kuacha masomo. Mimba na utovu wa nidhamu ni miongoni mwa sababu nyingine. Lakini kilichomfanya mwanafunzi awe mtoro hakiandikwi popote, na hicho ndicho tunachopaswa kukitafuta mapema.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa Januari 2016. Mzazi bado ananunua sare, viatu na madaftari, tena anachangia chakula cha mchana. Pale wanapokula waliochangia tu, asiyechangia hubaki darasani na njaa huku wenzake wakipanga foleni na sahani zao. Aibu ya wiki moja inatosha kumfanya aanze kukwepa.

Umbali ni mzigo mwingine. Shule nyingi za kata ni za kutwa, na anayetembea saa mbili huchelewa, huadhibiwa, kisha siku nyingine huishia njiani. Wazazi wengine humpangia chumba karibu na shule, maarufu kama geto. Humo binti wa miaka 15 anajipikia na kujilinda mwenyewe. Unga ukiisha Jumatano na nyumbani ni mbali, mwanamume mwenye hela ya chipsi anapata pa kuanzia. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, ila binti anahitaji bweni na chakula kabla hayajamfika.

Lugha nayo tunaipuuza mno. Baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili, mwanafunzi anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Ananakili ubaoni asichokielewa, anashindwa upimaji wa kidato cha pili, anarudia darasa, anakata tamaa.

Mwalimu wa darasa apitie daftari la mahudhurio kila Ijumaa na kuangalia ni siku zipi mtoto hukosekana: za mnada, za palizi, au siku baada ya kudaiwa mchango? Siku tatu bila taarifa, mzazi apigiwe simu. Wiki ikiisha, mwalimu wa malezi aende nyumbani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Shule zinazongoja zitimie siku 90 za utoro ndipo zimfute humkuta kijana yuko machimboni na binti anafanya kazi za ndani mjini. Akirudi, asipokelewe kwa viboko; apangiwe vipindi vya kufidia.

Aliyekwisha kuacha, akiwemo aliyejifungua, anaruhusiwa kurudi shuleni kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Asiyetaka kurudi darasa lilelile aulizie vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: atafanya Mtihani wa Maarifa (QT), unaompa sifa ya kuendelea, kisha mtihani wa kidato cha nne. Kwa mwenye mtoto mchanga, familia ipange kwanza nani atabaki na mtoto saa za masomo. Hilo lisipopangwa, atajiandikisha na kuacha tena muhula huohuo.