Kappa: kupima maafikiano ya wanapatholojia kuhusu displasia ya kinywa

Displasia ni mabadiliko ya seli yanayoweza kugeuka saratani; hupangwa katika madaraja matatu: ndogo, wastani na kali. Slaidi moja (kioo chenye kipande chembamba cha tishu) ya doa jeupe la ulimi inaweza kusomwa "displasia ya wastani" na mwanapatholojia mmoja, yaani daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, na "kali" na mwenzake. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni nzito: huenda akaambiwa arudi kuangaliwa, au akapangiwa kukatwa doa lote. Kipimo cha maafikiano ya wasomaji kama hao ni kappa, aliyoieleza Jacob Cohen mwaka 1960.

Kappa huondoa majibu ambayo yangefanana kwa bahati tu. Tuseme kati ya slaidi 100 kila msomaji amekuta displasia kwenye 90. Wameafikiana "ipo" kwenye 83 na "haipo" kwenye 3, jumla 86. Asilimia 86 inavutia, ila kwa bahati pekee wangefanana mara 82 (0.9 × 0.9 + 0.1 × 0.1). Kappa basi ni (0.86 − 0.82) ÷ (1 − 0.82), yaani 0.22. Katika jedwali la Landis na Koch la 1977, maafikiano makubwa huanzia 0.61. Ndiyo maana ripoti inayotaja asilimia peke yake haitoshi. Kwa madaraja yale matatu hutumika kappa yenye uzito, ili kutofautiana kati ya "ndogo" na "kali" kuhesabiwe kosa kubwa kuliko kati ya "ndogo" na "wastani".

Kutoafikiana kunatoka wapi? Kwa desturi, mabadiliko yakiishia theluthi ya chini ya epithelia (tabaka la seli linalofunika kinywa) ni displasia ndogo, yakifika ya kati ni wastani, yakipita hapo ni kali. Lakini seli hubadilika polepole, wala hakuna mstari kwenye nyama. Kinyama (kipande cha tishu kilichochukuliwa kwa mgonjwa) kikikatwa kimshazari, tabaka la chini huonekana nene kuliko lilivyo. Kilazwe kwa ubavu kwenye nta inayokishikilia wakati wa kukatwa, na kikatwe vipande vya ngazi zaidi. Fangasi wa kandida na kidonda navyo huvimbisha viini vya seli vikafanana na displasia: paka slaidi rangi ya PAS, inayoonyesha fangasi, tibu fangasi, kisha chukua kinyama kingine.

Mfumo wa madaraja mawili (hatari ndogo na hatari kubwa), uliopendekezwa mwaka 2006, huita hatari kubwa pale panapokuwa na angalau dalili 4 za mpangilio wa tishu na 5 za seli. Tahadhari: wasomaji wawili wanaweza kuafikiana na wote wakakosea. Ukweli wa daraja hujulikana kwa kuwafuatilia wagonjwa miaka mingi, kuona ni nani aliyepata saratani.